Wanawake wa Banda la Fifi

Mayunga mwanangu,

Mmeondoka na baba yako kwenda Nkololo kumuaga bibi, na najua hamtarudi kabla ya jioni, kwa sababu bibi hatakubali muondoke bila kula kuku. Nyumba iko kimya. Nimekaa hapa mezani nikuandikie, maana kesho stendi kutakuwa na watu na mizigo, na mimi mbele za watu maneno hunikauka.

Habari za chandarua na za kula kwa wakati umeshaambiwa na kila mtu aliyepita hapa wiki hii. Nataka kukuandikia juu ya neno ulilolisema Jumapili. Baba yako mdogo Maduhu alikuuliza kazi ya msimamizi wa zamu kwenye hicho kiwanda cha mafuta huko Shinyanga ikoje. Ukamwambia ni kusimamia wanawake wanaochagua mbegu na kufungasha. Halafu ukasema, "Nimeambiwa ni wabishi, lakini nitawamudu." Maduhu akacheka. Mimi nikainuka kwenda jikoni kuangalia mboga, na mboga ilikuwa imeshaepuliwa.

Hukusema kwa ubaya. Ndiyo maana sikuweza kukukemea, ningekukemea kwa lipi? Lakini mimi nilikuwa mmoja wa wanawake wa namna hiyo kabla hujazaliwa na baada ya wewe kuzaliwa, na nimemjua msimamizi mmoja ambaye naye hakuwa mtu mbaya. Hadithi hii umeisikia vipande vipande, kipande msibani, kipande nikiwa na hasira na baba yako. Leo nakupa yote.

Kile kiwanda cha kuchambua pamba unachopita ukienda kwa shangazi yako, kile chenye ukuta uliobomoka, ndiko nilikoanza kazi nikiwa sijaolewa. Msimu ulipofunguliwa na magari yakaanza kuingia kutoka Zagayu na Nkololo na kwingineko, wanawake tulikusanyika getini asubuhi, na msimamizi akatuchagua kwa kidole. Wewe, wewe, yule pale. Mkataba hatukuujua. Ukichaguliwa unaingia kwenye banda la fifi. Fifi ni ile pamba chafu, ya njano, iliyonyeshewa au kuharibiwa na wadudu, na kazi yetu ilikuwa kuitoa kwenye pamba safi kwa mikono kabla haijaenda kwenye mashine. Vumbi lake lilikuwa linaingia kila mahali. Tulikuwa tunatoka jioni nywele, nyusi na kope ni nyeupe, na usiku mtu anakohoa mpaka mume anahamia chumba kingine.

Sheria moja ya pale haikuandikwa popote, lakini kila mwanamke aliijua. Ukionekana una mimba, kesho usije. Kwa hiyo tulikuwa tunajifunga. Unachukua kanga, unaikunja, mwenzako anaikaza kwa nguvu tumboni, halafu unavaa gauni pana juu yake. Wengine walifika mwezi wa nane hivyo hivyo.

Kabula umemjua akiwa mgonjwa, kwa hiyo humjui. Kabula niliyefanya naye kazi alikuwa mwanamke mrefu, mwenye kutembea haraka hata kama hana anakokwenda, na akicheka alifunika mdomo kwa sababu ya jino lililong'oka. Alikuwa ameolewa muda mrefu bila kupata mtoto. Alipopata mimba hakumwambia mtu ila mimi, kwa kuwa mimi ndiye nilikuwa namkaza kanga kila asubuhi nyuma ya vyoo.

Siku moja mchana aliacha kuchagua pamba akakaa tu, mikono imelegea. Nikamuuliza una nini. Akaniambia polepole, "Limi, nifungue."

Tukaenda nyuma ya lundo la mbegu. Fundo lilikuwa limelowa jasho na limekaza, vidole vyangu vikashindwa, nikalifungua kwa meno. Mtoto alitoka pale pale juu ya mbegu za pamba. Alikuwa wa kiume. Hakulia. Tulimfunga kwa kanga ile ile kwa sababu hatukuwa na nguo nyingine. Minza, mwanamke aliyekuwa anakaa jirani yetu bandani, alikuja kutuziba kwa mwili wake ili wanaume wa mashine wasione. Msimamizi wa wakati huo akapita akauliza mbona tumesimama. Minza akamjibu kwamba kuna mtu anaumwa. Akasema anayeumwa aende nyumbani, wengine turudi kazini. Mwanangu, tulirudi. Minza alimpeleka Kabula nyumbani, sisi wengine tukarudi kuchagua fifi.

Asubuhi yake mahali pa Kabula palikuwa na msichana mwingine.

Sisi wanawake wa banda tulikuwa na kikundi cha kuzikana, kama vilivyo vikundi vyote hapa kwetu. Mwenzenu akifiwa mnapeleka unga, kuni na maji, na mnalala kwake. Basi tukaenda kwa Kabula na unga wetu. Tukakaa uani. Kabula alikuwa ndani amegeukia ukutani. Ndipo Minza akasema, wala hakupaza sauti, "Sisi tunajua kuzikana tu. Kuishi tumeshindwa?"

Chama kilianza hapo. Watu wa mjini baadaye walidhani tulifundishwa na mtu kutoka Mwanza, au chama cha siasa, au mapadre. Hapana. Tulianza pale uani kwa Kabula, na kwa muda mrefu hatukukiita chama. Tulisema kikundi cha kuzikana, na mwenye kiwanda hawezi kukataza watu kuzikana. Wanawake wa kanisa langu na wa kanisa la Kabula, na wengine ambao hawaendi kanisa lolote, waliotambikia mizimu ya kwao, wote waliingia. Kabula tulimfanya mwenyekiti alipopona. Alikataa, tukamwekea kiti, akakaa. Mimi nikawa katibu kwa sababu nilimaliza la saba na mwandiko wangu unasomeka.

Tulihangaika sana mpaka kuandikishwa. Afisa kazi mmoja, kijana mpole, ndiye aliyetueleza kwamba hata kibarua ana haki ya kuwa na chama, na kwamba kumfukuza mwanamke kwa mimba ni kosa. Minza akamuuliza, "Kumbe mlikuwa mnajua?" Kijana wa watu akatazama chini. Waume zetu walituona tumechanganyikiwa. Baba yako alikuwa amenioa punde tu, na ndugu zake walikuwa wanamwambia umeoa mwanasiasa. Hakunikataza, lakini hakuniuliza pia. Nikirudi mikutanoni nilimkuta amelala au anajifanya amelala.

Msimu uliofuata, magari yalipokuwa mengi kuliko nafasi ya kuyapakua, tulikaa chini. Wote wa banda la fifi tulikaa chini juu ya pamba na tukaacha mikono yetu mapajani. Mimi nilikuwa na wewe tumboni, na siku hiyo sikujifunga kanga. Wala mwanamke yeyote hakujifunga. Ukitutazama ungeshangaa tulikuwa wangapi wenye mimba.

Meneja alikuja amekasirika, akasimama mbele yetu akauliza kiongozi wenu ni nani. Kabula akasema, "Ni mimi. Kaa chini tuongee, shingo inaniuma kukutazama juu."

Hakukaa siku hiyo, wala kesho yake. Pamba ikarundikana uwanjani, madereva wakaanza kugombana na walinzi, mawingu yakawa yanajikusanya. Tulilala pale pale. Nilikuwa nimekata tamaa, miguu imevimba, ndipo nikamwona baba yako anaingia getini na baiskeli. Amefunga sufuria ya ugali nyuma na mlenda kwenye ndoo. Chakula kilikuwa kingi kuliko changu peke yangu. Akakiweka chini mbele ya wanawake, akasema, "Mwadila, bamayu," akituamkia sisi akina mama kama mtu anayepita tu njiani, akageuza baiskeli akaondoka. Watu wakimsema baba yako kuwa hana maneno, mimi nakumbuka hiyo baiskeli.

Mwisho meneja alikaa. Alikaa juu ya gunia la pamba, Kabula akiwa mbele yake, wakaongea kama watu wawili. Tuliyoyapata si mengi ukiyasikia leo. Mwenye mimba hafukuzwi, anapewa kazi ya kukaa. Vitambaa vya kuziba pua. Na chumba kimoja karibu na stoo, chenye mkeka na mtungi wa maji, cha kunyonyeshea. Wewe ulikuwa wa kwanza kunyonya mle. Kabula alipata ruhusa ya kuja kukutazama, akakubeba, akakurudisha kwangu haraka, akarudi bandani. Mtoto mwingine hakupata tena.

Misimu kadhaa tuliishi vizuri. Vumbi lilikuwa lile lile, lakini mtu alitoka nyumbani bila hofu tumboni. Wanawake wa viwanda vingine walikuja kutuuliza tumefanyaje. Nilidhani yameisha. Hilo ndilo kosa ambalo ningependa wewe usilirithi, kudhani kwamba jambo likishapatikana limepatikana. Tuliacha kukutana mara kwa mara. Mvua zilikuwa nzuri, kila mtu alikuwa na shamba lake la kupalilia.

Kisha kiwanda kikapata mwenye mali mwingine, na mwenye mali akaweka msimamizi mpya. Jilala, mtoto wa kwanza wa Minza.

Tulifurahi, mwanangu. Tulipiga vigelegele. Jilala tulimjua tangu anakojoa kitandani. Alipokuwa sekondari alilala kwangu mara nyingi kwa sababu palikuwa karibu na shule. Alikuwa mpole na mwenye heshima, na akikutana na mwanamke yeyote wa kikundi alisimama, akainama, akaamkia. Siku alipoanza kazi alikuja bandani, akatuambia, "Mama zangu, mkiwa na shida nianzieni mimi." Tukamwambia kila kitu. Tulimwambia tunachotaka kudai msimu ujao, nani anaogopa na nani haogopi, nani mume wake ni mkali. Tulisema mbele yake kama tunavyosema mbele ya watoto wetu.

Msimu ukafunguliwa. Tukajipanga getini asubuhi, tunacheka, tunajua tutaingia wote. Jilala akatoka amevaa shati jeupe. Akaanza kuonyesha kwa kidole. Wewe mama, na wewe, na wewe. Akafika kwa Kabula, kidole kikaruka. Akafika kwangu, kikaruka. Akaruka kila aliyekuwa na sauti kwenye kikundi.

Kabula akamwita, "Jilala."

Akasema, "Mama, mwaka huu hapana." Alikuwa anatazama viatu vyake.

Halafu akamwonyesha mama yake mzazi. Minza alikuwa miongoni mwetu, na yeye ndiye aliyelisema lile neno uani kwa Kabula. Alisimama hapo na kidole cha mwanawe kimemwelekea, hasogei mbele wala nyuma. Sijawahi kuona uso wa mtu ukiwa hivyo. Mimi nilisema kwa sauti, "Asiingie mtu." Nilitaka tukae chini tena, pale pale nje. Lakini ile miaka ya mvua ilikuwa imekatika, ghala za watu zilikuwa tupu, na wanawake walinitazama kisha wakamtazama Kabula.

Kabula akasema, "Ingia, Minza. Una watoto wadogo. Ingieni."

Wakaingia. Tuliobaki nje tulirudi nyumbani. Njiani niligombana na Kabula, nikamwambia umetuua. Akanijibu, "Limi, wewe ulitaka wafe njaa ili tuonekane tuna msimamo?" Mpaka leo sijui nani kati yetu alikuwa sahihi. Nimelifikiria jambo hilo nikilima na nikifua, na majibu yangu hubadilika.

Ila najua nilichokosea baada ya hapo, na wanawake wote wa mji huu wanajua, kwa hiyo si siri. Jumapili yake tulipokutana nilisema walioingia watoke kwenye kikundi cha kuzikana. Kabula alikataa, lakini nilikuwa na hasira na maneno yangu yalikuwa makali, wengi wakanifuata. Tukawa vikundi viwili. Jilala alitutoa kazini tu. Kutengana tulitengana wenyewe, na mimi ndiye niliyeongoza. Wa ndani hawakuwa tena na mtu wa kuwasemea, na wa nje hatukuwa na mtu wa kumsemea. Kile chumba cha kunyonyeshea kikajazwa magunia. Wasichana wapya wakaanza kujifunga kanga.

Minza alipokufa, hatukwenda. Kabula alikwenda peke yake, ameshaanza kukohoa damu wakati huo, na gunia dogo la unga kichwani. Mimi nilikuwa shambani naona watu wanapita kwenda msibani. Niliendelea kulima dengu. Ulikuwa darasa la pili, ukaja kuniuliza mbona hatuendi kwa bibi Minza. Nilikwambia nini? Sikumbuki. Nadhani nilikutuma maji.

Sasa nifike kwa Jilala, kwa sababu ndiye aliyenifanya nikuandikie.

Unakumbuka msiba wa Kabula mwaka juzi. Kifua kilimmaliza. Wewe ulikuwa chuoni, ulifika jioni watu wameshazika, kwa hiyo hukuona kilichotokea asubuhi. Wanawake walikuja kutoka pande zote mbili, wa ndani na wa nje, wote tumezeeka. Hakuna aliyeomba msamaha. Mmoja alisema moshi unaelekea huku, tusogeze mafiga, tukasogeza pamoja. Basi.

Jilala alikuja akasimama nje ya ua. Kiwanda kilikuwa kimeshafungwa, yeye mwenyewe alikuwa ameachishwa zamani, na siku hizi analima mpunga wa kukodi huko Kiloleli. Amekonda. Hakuna mwanaume aliyemkaribisha. Mwishowe nilikwenda mimi. Akaniamkia kama alivyokuwa akiniamkia zamani, ameinama, akaniuliza, "Mama, naweza kuingia?"

Nikamwambia makaburini wanahitaji watu wa kuchimba.

Hakuondoka. Akaanza kuongea bila mimi kumuuliza. Akasema siku ile getini aliambiwa aondoe wanawake saba au aondoke yeye. Alikuwa bado mgeni kazini. Akajiambia, nikubali mara hii moja tu, nikishakaa vizuri nitawarudisha mama zangu mmoja mmoja. "Nilikuwa na nia hiyo kweli, mama. Nilishapanga nianze na Kabula." Msimu uliofuata akaambiwa aondoe wengine. Baada ya hapo hakuna aliyehitaji kumwambia, alikuwa anajua mwenyewe nani wa kuruka. Akasema mama yake alifanya kazi chini yake misimu yote hiyo na nyumbani alimpikia, lakini hakuwahi tena kumwita kwa jina. Alikuwa anasema tu, "Chakula kipo."

Nilimwamini. Ndicho kinachonisumbua, Mayunga. Nilitafuta uongo kwenye uso wake nikakosa. Alichukua jembe akaenda kuchimba, na alichimba kuliko wanaume wote, mpaka wakamnyang'anya jembe kwa nguvu apumzike.

Wewe ni mpole kama yeye. Unaamkia watu vizuri. Wanawake wa Shinyanga watakupenda wiki ya kwanza, watakuambia habari za nyumbani kwao, za watoto wao na za miguu inayovimba. Yatunze hayo. Halafu siku moja, pengine mapema sana, mtu atakuita ofisini, atafunga mlango, ataongea na wewe kwa upole, na atakuomba jambo moja dogo. Hatakuomba jambo kubwa. Utajiambia kama Jilala alivyojiambia, na utakuwa unasema kweli.

Sikuambii uache kazi. Umeisubiri, na sisi tumeisubiri pamoja na wewe. Wala siwezi kukuambia kwamba ukikataa mambo yatakwenda vizuri, kwa sababu Kabula alikataa maisha yake yote na nimemzika. Ninachokuomba ni kwamba siku hiyo usijibu hapo hapo. Toka nje. Nenda ukakae mahali wanakokaa wao, ule wanachokula, umtazame kila mmoja unayetakiwa kumruka. Kisha ujibu unavyoweza.

Ukiamua kurudi huku bila kazi, rudi. Baba yako hatakuuliza kitu, unamjua. Na ukiamua kufanya alichofanya Jilala, mlango huu pia hautafungwa, utakula na utalala. Nimejaribu tangu asubuhi kufikiri nitakuitaje siku hiyo, na sijui.

Minza naye alimlea wake kwa mikono kama hii niliyokulelea wewe. Hakujua siku ya getini inakuja.

Nawasikia mnakuja, baba yako anakohoa barabarani. Naikunja barua hii niiweke kwenye mfuko wa koti lako la baridi. Wabeja, asante kwa kunisoma mpaka hapa, mwanangu.

Mama yako,
Limi